Mtoto Hakunywa Maji

Mwaka jana, katika siku za kipupwe, wifi yangu alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ya hapa Pemba, mimba yake ikiwa na wiki 34. Mtoto alilia alipotoka, nasi tuliokuwa tumekaa nje tukamshukuru Mwenyezi Mungu na kuanza kuwapigia simu jamaa zetu wa Unguja. Haikupita saa moja, pumzi zake zikaanza kwenda mbio. Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta matundu ya pua yakitanuka, nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta hewa, na kila alipoitoa akiguna kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejitwisha mzigo. Nesi aliinama juu yake, akaitazama saa yake ya mkononi, akahesabu dakika nzima bila ya kusema neno, kisha akaandika kwenye karatasi: 78. Mtoto mchanga aliye salama huvuta pumzi baina ya 40 na 60 kwa dakika.

Mama yangu alisema neno ambalo karibu kila mtu wa kwetu angelisema: "Kanywa maji huyu." Neno hilo haliendi peke yake. Likishatamkwa, watu huanza kumtafuta aliyekosa: mama hakusukuma ilivyopasa, au alibeba ndoo za maji naye ni mzito, au mkunga alichelewa kumsafisha mtoto. Wifi yangu alikuwa kitandani, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama, na aliyasikia yote. Aliuvuta upande wa kanga yake akajifunika uso. Haya ninayoyaandika leo nayaandika kwa ajili yake kwanza.

Ninasomesha baiolojia katika skuli ya sekondari, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi wangu kuwa mapafu ni chombo cha hewa, basi. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu maji ya mapafu ya mtoto, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba maji yale hayaingii kutoka nje. Mapafu ya mtoto aliye tumboni huyatengeneza yenyewe. Seli zilizotanda ndani ya vifuko vya hewa husukuma kloraidi, ambayo ni sehemu moja ya chumvi, kuielekeza ndani ya vifuko hivyo, na maji huifuata. Maji hayo ndiyo yanayoyatanua mapafu na kuyakuza. Mtoto ambaye mapafu yake yamekosa maji kwa muda mrefu huzaliwa na mapafu madogo yasiyomtosha. Mimba inapokaribia kutimia, kiasi chake hukadiriwa kuwa mililita 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wetu, aliyekuwa na kilo mbili na kidogo, alikuja duniani akiwa na maji ya kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa ya barazani ndani ya kifua chake. Ni kweli kwamba wapo watoto wanaovuta maji ya chupa ya uzazi, hasa wale wanaopitiliza siku zao na kutoa choo cha kwanza wakiwa bado tumboni, na hilo ni jambo la hatari. Lakini hali hiyo ni nyengine, na kwa mtoto wa wiki 34 si ya kawaida.

Aliyelionesha jambo hili mapema ni mtafiti wa Kifaransa, Alfred Jost, akiwa pamoja na mwenzake Policard, mwaka 1948. Katika majaribio ya vijusi vya sungura, shingo ilifungwa kwa uzi, njia ya hewa ikazibika, na mapafu yakavimba kwa maji. Kama maji yangelikuwa yanatoka nje, mapafu yaliyozibwa yangelisinyaa. Kilichonifanya nisimame na kusoma tena ukurasa ule ni kwamba Jost huyu ndiye yule yule ambaye mwaka 1947, kwa sungura vile vile, alionesha kwamba korodani za kijusi ndizo zinazotoa homoni za kuujenga mwili wa kiume, na kwamba zikiondolewa mapema mwili hufuata njia ya kike. Mikono ya mtu mmoja iligusa homoni za jinsia na maji ya mapafu katika muda wa miaka miwili, na ilichukua miaka mingi kabla ya watafiti kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Basi maji haya hutokaje? Chukua embe mbichi, ikate vipande, itie chumvi na pilipili kama wafanyavyo watoto wakitoka chuoni, kisha iache kwenye sahani mpaka chai ichemke. Ukirudi utakuta chini ya sahani pamekusanyika maji ambayo hukuyatia wewe. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya embe. Maji hufuata chumvi, na kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa na mapafu siku ya kuzaliwa, isipokuwa sasa mwelekeo unageuzwa. Seli zilizokuwa zikisukuma chumvi kuingia kwenye vifuko vya hewa zinatakiwa zianze kuitoa. Upande wa seli unaoelekea hewani kuna vijia vidogo vya protini ambavyo sodiamu, sehemu ya pili ya chumvi, hupitia kuingia ndani ya seli. Upande wa pili ipo pampu inayoitoa sodiamu hiyo na kuipeleka kwenye tishu, ikiingiza potasiamu badala yake. Sodiamu ikishavuka, maji nayo huvuka, yakaingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu, na vifuko vikabaki na hewa.

Kijia hicho cha sodiamu kimejengwa kwa vipande vitatu vilivyopewa majina ya alfa, beta na gama. Mwaka 1996 Edith Hummler na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walieleza kuhusu vipanya waliozaliwa bila ya kipande cha alfa. Vipanya hao walikufa katika muda wa saa 40 tangu kuzaliwa, mapafu yao yakiwa yamejaa maji. Binadamu si panya, na watu waliozaliwa na vijia vyenye kasoro huwa na maji mengi kupita kiasi katika njia zao za hewa lakini kwa kawaida hawafi kwa sababu hiyo siku ya kuzaliwa. Hata hivyo, kwangu mimi jaribio lile liliondoa shaka kuhusu jambo moja: mapafu yanaweza kuwa kamili kwa umbo, yana vifuko, yana mishipa, na bado yakazama kwa kukosa protini moja.

Zamani ilielezwa kwamba mtoto hukamuliwa maji anapopita katika njia ya uzazi, na wakunga wetu wazee husema hivyo mpaka leo. Kukamuliwa kupo, ila mchango wake ni mdogo kuliko ulivyodhaniwa. Stuart Hooper na wenzake wa Australia waliwapiga picha za eksirei sungura waliokuwa ndiyo kwanza wamezaliwa, na waliona maji yakirudi nyuma hatua kwa hatua kwa kila pumzi inayovutwa, yakisukumwa kutoka kwenye vifuko kuingia kwenye tishu za jirani. Kwa hiyo pumzi za mwanzo husafisha njia, na kazi ya sodiamu ni kuyazuia maji yasirudi na kuendelea kuyanyonya kwa saa nyingi zinazofuata. Mtoto ambaye vijia vyake vya sodiamu ni vichache anaweza kulia vizuri alipotoka, kama wetu alivyolia, kisha akaanza kulemewa.

Ni nini basi kinachoziamrisha seli zigeuze mwelekeo? Uchungu wa uzazi wenyewe ni amri mojawapo, kwa kuwa humfanya mtoto atoe adrenalini nyingi. Watafiti wa London, akiwemo Richard Olver, walionesha katika miaka ya 1970 kwamba adrenalini huyafanya mapafu ya mwanakondoo yaache kutoa maji na kuanza kuyanyonya. Ndiyo sababu mtoto anayetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza, na hasa kabla ya wiki 39, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupumua mbio. Amri nyengine ni homoni iitwayo kotisoli, inayopanda katika wiki za mwisho za mimba. Lakini kuna kundi la tatu ambalo halizungumzwi sana, nalo ndilo lililonishughulisha: zile homoni tuzionazo kuwa ni za tumbo la uzazi, hedhi na ndevu tu, yaani estrojeni, projesteroni na testosteroni.

Katika mimba, kondo la nyuma ni kiwanda kikubwa cha estrojeni na projesteroni. Projesteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli ya mama. Estrojeni ina safari ndefu zaidi: tezi zilizo juu ya figo za mtoto hutoa malighafi, malighafi hiyo hupelekwa na damu ya kitovu hadi kwenye kondo, na kondo huigeuza kuwa estrojeni. Mama na mtoto huijenga homoni hii kwa pamoja, na kiwango chake huzidi kupanda kadiri mimba inavyokua. Mtoto wa wiki 40 ameishi ndani ya bahari ya homoni hizi kwa wiki sita zaidi kuliko mtoto wa wiki 34, na kitovu kinapokatwa bahari hiyo hukauka kwa wote wawili. Kwa njiti hukauka kabla ya kazi yake kumalizika.

Kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 1998 watafiti wa Toronto, Kanada, waliripoti kwamba estrojeni na projesteroni zikitolewa kwa pamoja kwa panya wa kike, maelekezo ya kujengea vijia vya sodiamu huongezeka mapafuni. Homoni huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, na kipokezi hicho huenda kwenye jeni na kuamuru isomwe zaidi. Hiyo ni njia ya polepole, ya saa na siku. Ipo pia njia ya haraka, ambapo estrojeni hugusa kipokezi kilichoko kwenye utando wa seli na vijia vilivyokwishajengwa vikaanza kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Wataalamu wa Leipzig, Ujerumani, wamefanya kazi kubwa katika uwanja huu kwa kutumia seli za mapafu ya vijusi vya panya, na walipozitenganisha seli za vijusi vya kike na za kiume wakazipima mbali mbali, waliona kwamba seli za kike zilivusha sodiamu nyingi zaidi. Seli hizo zilikuwa zimetolewa mwilini na kukuzwa katika vyombo vya maabara, mazingira ni yale yale, chakula ni kile kile, na bado tofauti ilionekana.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mkunga aliyekuwa zamu usiku ule, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Katika kitanda cha pili palikuwa na mtoto wa kike, naye ni njiti wa wiki hizo hizo na uzito wake ulikuwa mdogo kuliko wa mtoto wetu, na alikuwa amelala akipumua kwa utulivu. Nilimuuliza: "Bi Mkunga, huyu wa kike mbona hana shida?" Akanijibu bila ya kuinua uso kutoka kwenye kazi yake: "Mwalimu, hawa wa kike huja wameshajiandaa. Wa kiume ndio tunaokesha nao." Watoto wawili hawathibitishi chochote, na ningelimkataza mwanafunzi wangu kujenga hoja juu yao. Lakini aliyoyaona mkunga yule katika miaka yake yote ndiyo yanayoonekana duniani kote: kati ya njiti wa umri mmoja wa mimba, wa kiume hupatwa na shida ya kupumua zaidi, na hufa zaidi, kuliko wa kike.

Sehemu ya tofauti hiyo haitokani na maji bali na ute. Vifuko vya hewa vinahitaji ute maalumu unaovizuia visigandamane pumzi inapotoka, na Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walieleza mwaka 1959 kwamba watoto wanaokufa kwa ugonjwa wa mapafu machanga wameukosa ute huo. Testosteroni ya mtoto wa kiume huchelewesha kutengenezwa kwake. Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, kwa upasuaji, akiwa na kilo 2.1, akafa tarehe 9 kwa ugonjwa huo. Ilikuwa ni miezi minne kabla ya uhuru wa Zanzibar wa Disemba mwaka ule, na hapakuwa na tajiri wala mtawala popote aliyeweza kununua tiba ambayo haikuwepo. Nilipouona uzito ule niliifunga kompyuta kwa muda, kwa kuwa ulikuwa karibu sawa na wa mtoto wetu.

Kwa hivyo mtoto wa kiume anayezaliwa mapema hubeba mizigo miwili: ute wake umekawia, na seli zake huvusha sodiamu kidogo kuliko za dada yake. Mara nyingi matatizo haya huja kwa pamoja na ni vigumu kuyatenganisha kwa kumtazama mtoto tu. Nadhani ndiyo sababu suala la maji lilikaa kimya kwa muda mrefu nyuma ya suala la ute. Ute una dawa inayoweza kumiminwa mapafuni na matokeo yakaonekana siku hiyo hiyo. Vijia vya sodiamu havina chupa ya kumimina.

Kumejaribiwa. Huko Ulm, Ujerumani, Andreas Trotter na wenzake waliwapa njiti wachanga sana estradioli, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya estrojeni za mwilini, pamoja na projesteroni, kwa lengo la kuwarudishia kile walichokikosa kitovu kilipokatwa. Wazo lile naliona ni zuri na la huruma, na lilitokana na hoja iliyo wazi. Hata hivyo matokeo hayakutosha kuifanya iwe tiba ya kawaida, na mpaka leo homoni hizi hazitolewi kwa njiti mahospitalini kama dawa ya mapafu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nawajua watu wetu, na mimi ni mmoja wao: tukisikia kwamba kitu fulani husaidia, huanza kutafutwa madukani. Vidonge vya homoni si vya kumpa mtoto, wala mama mjamzito asijinunulie kwa kusoma maneno yangu.

Kinachotolewa ni sindano za kukomaza mapafu, ambazo asili yake ni kazi ya Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand, iliyochapishwa mwaka 1972. Mama anayetarajiwa kujifungua mapema hupewa deksamethasoni au betamethasoni, dawa zinazofanana na kotisoli, nazo humfikia mtoto kupitia kondo, zikahimiza ute na pia vijia vya sodiamu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulionesha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya njiti pale ambapo umri wa mimba unajulikana kwa uhakika na hospitali ina uwezo wa kumhudumia mtoto. Sharti hilo la umri wa mimba si dogo hapa kwetu, ambako wanawake wengi huhesabu kwa miezi ya mwandamo na kwenda kliniki mimba ikiwa imeshakua. Wifi yangu chupa ilimpasukia usiku na mtoto akaja kabla ya alfajiri. Hapakuwa na muda wa sindano kufanya kazi.

Na tofauti hii haiishi utotoni. Mwaka 2001 Lorraine Ware na Michael Matthay wa San Francisco walipima kasi ya kuondoka kwa maji katika mapafu ya watu wazima waliolazwa mahututi, mapafu yao yakiwa yamejaa maji kwa maradhi au majeraha. Wengi wao hawakuweza kuyaondoa vizuri. Kati ya wale wachache walioyaondoa kwa kasi, sehemu ya wanawake ilikuwa kubwa zaidi kuliko katika wale wengine, na walioyaondoa kwa kasi ndio waliopona zaidi.

Mtoto wetu aliwekwa mirija miwili midogo puani iliyounganishwa na mashine ya hewa, na mrija mwengine ukazamishwa kwenye chupa ya maji iliyokuwa ikitoa mapovu usiku kucha. Shinikizo la hewa hiyo huvizuia vifuko visigandamane na huyazuia maji yasirudi, ili seli zipate muda wa kufanya kazi yake taratibu. Tulikaa kwa zamu, mimi, mama yangu na ndugu yangu, tukiisikiliza chupa ile. Mapovu yalipopungua tulimwita nesi, naye alikuja kila mara, akaurekebisha mrija, akahesabu tena. 74. Siku ya pili 66. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, alihesabu dakika nzima akaandika 54, akaitoa mirija, na sauti ya kuguna haikurudi.

Wifi yangu alimpakata kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa kanga ile ile. Mama yangu alisogea karibu, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza maji aliyoyanywa yamekwenda wapi. Nikamwambia: "Hakunywa, mama. Yalikuwa yake mwenyewe tangu tumboni. Sasa yamekwenda kwenye damu yake, na mengine umeshayabadilisha wewe kwenye nepi asubuhi hii." Akamgeukia wifi yangu, akamwekea mkono begani, akamwambia: "Niwie radhi, mwanangu."